Mafungu kwenye Kioo

Mikono niliosha, muuguzi Tusajigwe ni shahidi:
hadi viwikoni, hadi chini ya kucha,
na maji ya bomba ya mwezi wa saba, hapa Mbeya,
yakaning'ata kama yametumwa.

Simu ikaita. Nikaishika.

"Dada," akasema, "umerudi ulikotoka."

Sikumwelewa. Ni simu yangu, siyo ya wizi,
kioo kina ufa tangu ilipoangukia mizani
siku lumbesa ilipokatika kamba pale Uyole.
Akauliza bila ukali, kama anayehesabu chenji:
"Jana ilishikwa na nani?"

Na dalali wa viazi, akihakiki muamala
kwa kidole chenye udongo wa Isongole.
Na dereva wa Fuso.
Na Mama Atupele, aliyeomba dakika mbili
huku akichambua matumbo ya kuku.
Na mimi, chooni, sitasema uongo,
nikiitumia kama tochi.
Na usiku ikalala hapa,
kati ya matiti, ndani ya sidiria, kwenye joto,
hapa hapa
alipolala leo mwanangu wa kilo moja na robo,
ngozi kwa ngozi,
mgongo wake mwembamba kama ganda la njegere.

Nikanyamaza.

Mwashambwa wa maabara alipita na pamba
akapangusa simu za wodi nzima, hata ya daktari.
Baada ya siku mbili akaleta visahani vyake.
Nilitegemea wadudu wenye miguu.
Nikaona madoa, meupe, ya manjano,
yamekaa kwa mafungu
kama nyanya za jioni zinazotafuta mteja.
"Hiki chako," akasema.
"Na hiki kilichojaa kuliko vyote?"
Akamtazama daktari, akakohoa.
Tulicheka, wanawake kumi na mmoja,
tukicheka kwa chini watoto wasishtuke vifuani.

"Wengi ni wapangaji tu wa ngozi," akatuambia,
"kwako wewe mtu mzima hawana neno.
Ila huyu nyumba yake bado haina mlango."

Kwa hiyo sasa naizima kwanza.
Naivua kava, lile la maua,
nililokuta limeficha unga wa msimu uliopita;
naliosha kwa sabuni, likauke kivyake.
Kitambaa laini, spiriti ya asilimia sabini,
kiwe na unyevu, kisichuruzike:
simu si kikombe, haioshwi kwa kumwagiwa.
Jiki ibaki kwa mashuka.
Nafuta kioo, mgongo, vitufe vya ubavuni,
na ule ufa naupitia polepole
kama anayefuta tongotongo jichoni mwa mtoto.
Nangoja ikauke yenyewe, upindo wa kitenge hauruhusiwi.
Kisha mikono tena,
maana mikono ndiyo iliyoishika.

Bupe wa kitanda cha nne anasema ni maringo ya hospitali,
sisi tulikua kwenye nyumba zilizosiribwa kwa mavi ya ng'ombe
na mbona tupo.
Sikumtajia wasiokuwepo. Mama yangu alizaa tisa,
tupo wanne.
Nilimpa kitambaa.

Lugano hupiga saa mbili usiku, akitoka shimoni Chunya,
vumbi la dhahabu ya watu likiwa bado kooni.
Zamani ningeibana simu kwa bega.
Siku hizi naiacha mezani, nafungua spika.
"Amefumbua macho?"
Mtoto anageuza kichwa, kidogo sana,
upande ule ule wa meza.

Vidole vya baba yake viko Chunya, vyeusi kwa matope.
Sauti yake tu ndiyo imeingia wodini,
haikunawa,
na Tusajigwe hakuizuia mlangoni.